Mimi nakatwa kodi, jirani analipwa na TASAF: haki iko wapi?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwajiriwa wa kampuni binafsi hapa Morogoro, mshahara wangu ni shilingi 800,000. Kila mwezi nakatwa kodi, nakatwa NSSF, nakatwa bodi ya mikopo. Kijijini kwetu kuna kaya zinalipwa na TASAF, mfuko wa serikali unaozipa fedha kaya maskini, na mmoja wa walengwa namfahamu, ana ng'ombe wawili na nyumba ya bati. Mjomba wangu wa miaka 71, anayelima kwa jembe la mkono, alikosa. Kazini tunabishana kila siku. Wengine wanasema huu ni Ujamaa uleule wa Mwalimu Nyerere, kuwalisha wavivu kwa jasho la wenzao. Wengine wanasema bila huo hatuna utu. Naomba unijibu kitaalamu: serikali kumpa mtu fedha ambazo hakuzifanyia kazi ni haki au si haki?

JIBU: Ndugu yangu, umefunga maswali matatu katika fundo moja, ndiyo maana ubishi wenu hauishi: kila mtu anafungua upande wake. Swali la kwanza ni nani analipa. La pili ni nani anastahili kupewa, na kwa hoja ipi. La tatu ni nani anachagua, na anachaguaje. Ng'ombe wa yule mlengwa na mjomba wako aliyeachwa ni mambo ya swali la tatu. Nyinyi mmeyachukua kuwa ushahidi wa swali la pili, mkahukumu kwamba kutoa kwenyewe ni dhuluma. Dhuluma mliyoiona ipo, ila iko kwenye kuchagua. Huko ndiko nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiko kwenye ugonjwa.

Tuanze na karatasi yako ya mshahara. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 80,000, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Hiyo si kodi, ni haki yako ya uzeeni, na hakuna mlengwa wa TASAF anayeigusa. Itoe kwenye malalamiko. Zinazobaki, 720,000, ndizo zinazotozwa kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, inakuja 20,000. Shilingi 200,000 za mwisho zinaangukia ngazi ya asilimia 20, inakuja 40,000. Jumla ya kodi yako ni 60,000 kwa mwezi. Bodi ya mikopo inakata asilimia 15, yaani 120,000, lakini hilo ni deni. Ulisomeshwa na fedha za umma bila dhamana ya nyumba wala shamba, kwa masharti ambayo hakuna benki ingempa kijana wa miaka 20. Sikulaumu kwa hilo. Nataka tu ulihesabu, maana wanaopata fedha za umma si wale wanaopanga foleni ofisi ya kijiji peke yao.

Sasa upande wa matumizi. Awamu ya pili ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndio TASAF inaulipia kaya, ilizinduliwa Februari 2020. Makadirio yake yalikuwa shilingi trilioni 2.03 kwa miaka minne, kwa kaya milioni 1.45. Gawanya kwa minne: ni kama bilioni 508 kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya 2020/21 ilikuwa trilioni 34.88. Mpango wote basi haufiki asilimia 1.5 ya bajeti, na katika kodi yako ya 60,000, sehemu yake haifiki shilingi 900 kwa mwezi. Hata hizo 900 ni za kukuza hesabu, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za mpango ilitoka nje. Benki ya Dunia peke yake iliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 mwaka 2019.

Hapo ndipo mlipakodi ana hoja nzito kuliko ile ya "wanakula jasho langu". Tumejenga kinga ya watu maskini kabisa juu ya fedha za kukopa na za wafadhili. Mkopo una mwisho. Bibi mwenye miaka 75 hana tarehe ya mwisho ya kuhitaji chakula. Kama taifa linaamini kwamba kumpa ni haki, liweke kwenye bajeti yake lenyewe, lijadiliwe bungeni kila mwaka kama mishahara inavyojadiliwa. Kama haliamini, liseme. Kukopa ili tusibishane ni kuwaachia watoto wetu ubishi pamoja na deni.

Usidhani pia kwamba mlengwa halipi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, na imeshaingia kwenye bei ya sabuni, mafuta ya kupaka na vocha ya simu kabla bidhaa haijafika duka la kijijini. Mtu akinunua vitu vya aina hiyo kwa shilingi 5,900 katika mwezi mzima, karibu 900 ni kodi. Ni sawa na ile 900 yako, isipokuwa yake inatoka kwenye mfuko mdogo zaidi.

Halafu linganisha na misaada ambayo hatuiiti misaada. Juni 2022 serikali ilitoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja ili kupunguza makali ya bei. TASAF kwa makadirio yale ni kama bilioni 42 kwa mwezi. Ruzuku ya mafuta huenda ilizuia nauli kupanda zaidi, sikatai, ila aliyejaza tangi la lita 60 alipata kwa kila lita, na aliyetembea kwa miguu kwenda shambani hakupata lolote la moja kwa moja. Mikopo ya elimu ya juu kwa 2021/22 ilipangiwa bilioni 570. Hakuna aliyeketi kantini akauliza kama mwenye gari ni mvivu. Swali la uvivu huulizwa kwa mtu anayepokea noti mkononi mbele ya watu.

Nani anastahili, basi? Kiswahili chetu cha kila siku kina haki za aina tatu, na wewe unaziishi zote bila kuzichanganya mpaka serikali inapotajwa. Iko haki ya mchango. Chama cha kufa na kuzikana kinakutaka utoe kila mwezi. Usipotoa, ukifiwa hakikupi sanda, na hakuna anayekiita katili. Iko haki ya haja. Mtoto wa jirani akipasuliwa, watu wanachanga, na hakuna anayeuliza baba yake alichangia kiasi gani mwaka jana. Na iko haki ya kuwa mmoja wa watu wa mahali. Kisima cha kijiji anateka mwenye kutoa na asiye na cha kutoa, mwenye bati na mwenye nyasi.

NSSF ni chama cha kuzikana. TASAF ni mchango wa mgonjwa. Shule bila ada, iliyoanza 2016 kwa la kwanza hadi kidato cha nne, ni kisima. Kila moja ina udhaifu wake. Haki ya mchango inawaacha nje wasio na mshahara, na hao ndio wengi wetu. Haki ya haja inahitaji mtu wa kuamua nani ana haja, na huyo mtu anaweza kukosea au kuhongwa. Haki ya kisima inagharimu zaidi, kwa kuwa na tajiri anateka. Mwenzako anaposema "hakufanyia kazi, asipewe", anapima mchango wa mgonjwa kwa kanuni za chama cha kuzikana. Kanuni zile ni nzuri kwenye chama chake. Hapa si mahali pake.

Waislamu wanalijua jambo hili kwa undani. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, fakiri na maskini wakiwa wa kwanza, na hata wale wanaoikusanya wametajwa kuwa na fungu. Maana yake gharama ya kuendesha imehesabiwa wazi, haikufichwa. Hilo la gharama lishike, tutalirudia.

Kuhusu Ujamaa, wenzako wanasema kitu ambacho maandishi yenyewe yanakipinga. Azimio la Arusha la Februari 1967 halikuahidi kumlisha mtu mzima mwenye nguvu. Liliwataja wanaoruhusiwa kuishi kwa kazi ya wengine, na orodha ni fupi: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola kwa wakati huo haijaweza kuwapatia kazi ya kujipatia riziki. Wengine wote walitakiwa kufanya kazi. Miaka mitano kabla, 1962, Nyerere aliandika kwamba hata mgeni hulishwa siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Huo ni msimamo mkali kuliko wa vyama vingi vya mrengo wa kushoto huko Ulaya.

Azimio lilitoa pia onyo ambalo watu wa mijini hatupendi kulikumbuka. Lilisema mikopo ya kujenga viwanda na miji italipwa kwa mazao ya wakulima, na kwamba tusipoangalia, mnyonyaji atakuwa mkazi wa mjini na mnyonywaji mkulima. Ndivyo ilivyokuja kuwa. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, mamlaka za mazao zikashika ununuzi, na mkulima akapokea sehemu inayopungua ya bei ya zao lake huku gharama za mashirika zikipanda. Ukitaka kujua ni jasho la nani lililoliwa enzi zile, ni la mtu kama mjomba wako.

Kwa hiyo yaliyoshindwa na yaliyofaulu yatenganishe. Mashirika yaliyoendeshwa kwa hasara yalishindwa. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyohamisha watu kwa nguvu kutoka kwenye mashamba yao, ilikuwa makosa, na haki ya waliochomewa nyumba haikurudishwa. Lakini mwaka 1967 mtu mzima mmoja tu kati ya watatu alijua kusoma, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilikuwa asilimia 90.4. Hiyo ilitoka kwenye sera zilezile za kutoa bure. Fedha taslimu kwa maskini hazikuwepo. Mfuko wa akiba wa NPF wa 1964, baba wa NSSF, ulikuwa wa wenye mishahara. Kinga ya mkulima ilikuwa zahanati na shule, basi.

Na msaada wa serikali si mtoto wa ujamaa. Aliyeanzisha bima za kisasa za dola ni Bismarck wa Ujerumani: ugonjwa 1883, ajali kazini 1884, uzee 1889. Huyu ndiye aliyewapiga marufuku wanaujamaa wa nchi yake kwa sheria ya 1878. Alitoa pensheni ili wafanyakazi wasiwafuate. Ujamaa unahusu nani anamiliki kiwanda, ardhi na benki. Msaada wa dola unahusu nini kinampata mtu asiyeweza kujilisha, na nchi ya kibepari inaweza kuwa nao kwa wingi kuliko ya kijamaa.

Kuhusu wavivu, hapa kuna ushahidi, na hautaki kubishana kwa sauti. Kabla ya mpango kusambaa nchini ulijaribiwa katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia 2010. Vijiji 80 viligawanywa kwa kura, nusu vikapata fedha, nusu vikasubiri. Kaya zilizolipwa hazikuacha kazi. Zilinunua kuku zaidi, zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na watoto wao walimaliza darasa la saba kwa wingi zaidi. Kuhusu pombe, mapitio ya tafiti 19 za nchi mbalimbali yaliyochapishwa 2017 yalikuta kwamba kwa wastani matumizi ya pombe na sigara hayapandi watu wakipewa fedha. Yupo mlevi mmojammoja, kama alivyo kwenye orodha ya mishahara ya kampuni yenu.

Sababu ya fedha hizi kutozaa uvivu ni rahisi: ni kidogo mno. Chukua viwango vya awamu ya kwanza. Kaya ilipata 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na mtoto chini ya miaka 18, iliongezewa 4,000. Kwa kila mtoto wa shule ya msingi, 2,000, wasizidi wanne, kwa sharti la kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Bibi mwenye wajukuu watatu wa msingi alipata 10,000 na 4,000 na 6,000, jumla 20,000 kwa mwezi, zikitolewa kila baada ya miezi miwili. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja anahitaji 33,748 kwa mwezi kwa chakula peke yake. Watu wanne walikuwa wanapewa chini ya chakula cha mtu mmoja. Na mwenye nguvu alitakiwa ajira za muda: siku 15 kwa mwezi, miezi minne ya msimu wa njaa, 2,300 kwa siku, akichimba lambo au akifungua barabara. Lile jembe la siku ya tatu limo humo.

Sasa tufike kwenye kuchagua.

Uchaguzi una hatua tatu. Kwanza eneo hupangiwa idadi kulingana na takwimu za umaskini. Pili, mkutano wa hadhara wa kijiji unakubaliana nani ni maskini sana kwa viwango vya pale, na kamati inaorodhesha kaya. Tatu, kila kaya iliyoorodheshwa inajaziwa dodoso: watu wangapi, wategemezi wangapi, paa la nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, taa ya nini, vyombo gani ndani. Majibu yanaingia kwenye kompyuta, kila jibu lina uzito uliokokotolewa kutoka tafiti za matumizi ya kaya, na alama inatoka. Chini ya mstari umo, juu ya mstari umetoka. Orodha inarudi kijijini kuthibitishwa.

Kila hatua ina tundu lake. Idadi ya eneo ndiyo ya kwanza. Mwaka 2017/18 asilimia 26.4 ya watu wa Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na mpango wakati ule ulibeba takriban kaya moja kati ya kumi. Hata wangechagua malaika, sehemu kubwa ya maskini ingebaki nje. Zaidi ya hapo, awamu ya kwanza ilifika asilimia 70 tu ya vijiji, mitaa na shehia. Mtu wa kijiji cha upande wa pili wa mto, maskini vilevile, hakuulizwa hata jina. Asilimia 30 iliyobaki iliingia awamu ya pili.

Tundu la mkutano mnalijua. Asiyehudhuria hatajwi. Mgonjwa, mlemavu anayekaa mbali na ofisi, mjane aliyegombana na mwenyekiti, mfugaji aliye malishoni siku hiyo: hao ndio wanaohitaji kutajwa, na ndio wasiokuwepo. Kinyume chake, ndugu wa mjumbe wa kamati hakosi wa kumtaja. Ndipo zinapozaliwa kaya hewa. Uhakiki wa 2016 uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizo na sifa, na baadhi ya watu walitakiwa kurudisha fedha.

Tundu la dodoso ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linaonekana kama hesabu na hesabu haibishiwi. Fikiria nyumba mbili. Ya kwanza ina bati na saruji, aliijenga marehemu mume enzi za bei nzuri ya pamba. Mjane sasa anakula mara moja kwa siku, na bati haliliwi. Ya pili ni ya nyasi na udongo, ya kijana aliyeuza ufuta mwezi uliopita na ana fedha ndani. Dodoso linaona paa. Mjane anatoka, kijana anaingia. Hakuna aliyeiba wala aliyehonga. Watafiti waliopima njia hii kwa takwimu za nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, walikuta inasaidia kuwazuia wasio maskini, lakini inafanya hivyo kwa kuwaacha nje maskini wengi. Walikuta pia kwamba njia rahisi, kama kutoa kwa kundi la umri, haziko nyuma sana kwa usahihi.

Dodoso lina madhara mengine mabaya. Mtu akijua kwamba bati linahesabiwa, anaogopa kuezeka. Akijua mbuzi wanahesabiwa, anawaweka kwa shemeji. Mpango uliokusudia ajinyanyue unamfundisha kujificha.

Kwa hiyo yule mlengwa mwenye ng'ombe wawili anaweza kuwa mambo matatu tofauti. Huenda aliingizwa kwa undugu. Huenda dodoso lilimkosea. Na huenda aliingia kwa haki miaka kadhaa iliyopita akiwa hana kitu, akanunua kuku, kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa ng'ombe, na sasa anasubiri tathmini ya kuhitimu, yaani kutoka kwenye mpango kwa kuwa amejinyanyua. La tatu likiwa ndilo, unachokiita wizi ndicho mpango ulichotaka kitokee. Kabla ya kuhukumu, uliza aliingizwa mwaka gani na wakati huo alikuwa na nini.

Nikiulizwa ni njia ipi naiona ya haki zaidi kwa wazee, nasema ile ya Zanzibar. Tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikia miaka 70 na anayetimiza masharti ya ukaazi anapata Pensheni Jamii, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha za serikali ya Zanzibar yenyewe, si za mfadhili. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna dodoso la paa. Aliyekuwa mvuvi, aliyekuwa mama lishe na aliyekuwa na duka Darajani wanapata sawasawa.

Najua mtauliza: kwa nini tajiri apewe? Kwa sababu kumchuja kunagharimu. Unahitaji wadodosaji, magari, kompyuta, uhakiki, kesi za rufaa, na mwishoni unamwacha mjane wa bati. Tajiri wa miaka 70 si wengi, na anachopewa kinaweza kurudi kwa kodi ya mali zake. Gharama ya kuchuja ni ile niliyokwambia uishike. Zaidi ya hesabu, pensheni ya wote haimlazimishi mtu kusimama mbele ya mkutano athibitishe kwamba ameshindwa maisha. Na mlipakodi kama wewe naye anajua siku itamfika, hivyo hana sababu ya kuipiga vita. Misaada ya maskini peke yao haina wa kuitetea bajeti inapobana.

Haimalizi matatizo yote. Mzee aliyezaliwa kabla ya 1950 mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na umri unapokuwa ndicho kigezo pekee, karatasi ya umri inakuwa ndiyo ukuta. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa waliofikia miaka 70, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi chini ya Inua Jamii. Kasoro zake zinafundisha: usajili ulifungwa kwa miaka, hivyo aliyetimiza 70 baada ya orodha kufungwa akabaki nje na umri wake mkononi, malipo yakachelewa, na bei za unga zikapanda bila kiwango kupandishwa. Haki ya wote ikikosa usajili unaoendelea na kiwango kinachofuata bei, inabaki jina.

Mjomba wako angekuwa Unguja au Pemba, miaka 71 ingetosha kufungua mlango. Kwa kuwa yuko Bara, mlango ni TASAF, na njia ni hii.

Usianze na yule mwenye ng'ombe. Ukipeleka malalamiko ya "fulani hastahili", utapata ugomvi wa kijiji na mjomba atabaki pale pale. Anza na lake. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaulize jambo moja: jina la mzee liliishia hatua gani? Kama halikutajwa mkutanoni, tatizo ni la kuorodheshwa, na litasubiri zoezi la kuandikisha kaya mpya, kwa hiyo mtakachodai ni jina liingie kwenye kumbukumbu za kijiji sasa. Kama lilitajwa likakatwa na dodoso, ombeni majibu yaliyojazwa yaangaliwe upya. Makosa ya kawaida ni mzee kuandikwa kwenye kaya ya mtoto wake mwenye uwezo wakati wanapika vyungu tofauti, wajukuu anaowalea kusahaulika, na mali ya shemeji kuhesabiwa kuwa yake. Kama alikuwa na alama ya kuingia ila idadi ya kijiji ikajaa, hilo ni suala la halmashauri, si la kamati.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unafanyika kila miezi mitatu. Mzee ahudhurie, au kama miguu haimruhusu, amtume mtu wa kusema kwa niaba yake, na jina litajwe liingie kwenye muhtasari. Hapo mna haki pia ya kuomba orodha ya walengwa isomwe hadharani pamoja na mwaka kila mmoja alioingia. Swali la ng'ombe litajijibu bila wewe kumnyooshea mtu kidole.

Wakati huohuo aulizie kitambulisho cha matibabu cha wazee. Sera ya wazee tangu 2003 inamtambua aliyefikia miaka 60 asiyejiweza kwa matibabu bila malipo katika vituo vya umma, na hicho hakisubiri TASAF. Dawa zikikosekana dirishani, aombe jina la dawa liandikwe kwenye cheti chake cha matibabu kabla ya kwenda kununua nje, maana malalamiko yasiyo na maandishi hayafiki popote.

Kijiji kikishindwa kujibu, barua iende kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri yenu. Iwe ukurasa mmoja: jina la mzee, kijiji, kitongoji, tarehe ya mkutano alipotajwa, watu wanaokula chungu kimoja naye na umri wao, na kosa mnaloomba lirekebishwe. Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili igongwe mhuri na tarehe ya kupokelewa, mrudi nayo nyumbani.